Fomu ya Ng'ambo na Daftari la Katekista



Mwaka wetu wa uchungaji tulikuwa watatu: mafrateri wawili, na mwalimu wa historia wa sekondari, muumini wa parokia tuliyotumwa wilayani Serengeti, upande wa Ngoreme. Frateri mmoja kwao ni Tarime, ng'ambo ya Mto Mara. Jioni, baada ya masifu, mazungumzo yetu yalirudi mara kwa mara kwenye swali moja: nani hasa alileta imani katika vijiji hivi?

Jibu la haraka kila mtu analo. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyegina mwaka 1911. Wamaryknoll kutoka Marekani walifika mwaka 1946, na Jimbo la Musoma likaundwa mwaka 1957. Yote ni kweli. Lakini padre mwenye vigango vingi alifika kijijini siku moja, akaadhimisha Misa, akaondoka. Aliyebaki na watu, akawafundisha sala na kuzika wafu wao, alikuwa katekista. Majina ya makatekista hao hatukuyajua.

Ndipo mwalimu akatuletea tangazo. Taasisi moja ya ng'ambo, yenye makumbusho ya historia na maktaba, ilikuwa inatoa ufadhili wa utafiti: nauli, malazi na posho ya mwezi mmoja kwa mtu anayetaka kusoma nyaraka zake, zikiwemo barua na picha za wamisionari wa Afrika Mashariki. Hawakudai shahada ya uzamivu. Fomu ilitaka jina moja, tukaandika la mwalimu, lakini kazi tukaifanya sote.

Kwa ambao hawajawahi kujaza fomu ya namna hiyo, inauliza mambo matano. Swali lako ni lipi? Ni makasha gani katika orodha yetu yatakusaidia kulijibu? Utatumia fedha kiasi gani? Wadhamini wako ni akina nani? Ukimaliza, utatoa nini, na kwa ajili ya nani? Tuliyaona kama mambo ya kawaida. Tukaandika kwamba tunataka kuchunguza historia ya Ukristo mkoani Mara, tukatumia majuma matatu kunyoosha Kiingereza. Mara mbili kwa juma tulipanda pikipiki kwenda Mugumu kwenye duka la steshenari lenye intaneti, tukarudi na vumbi hadi masikioni.

Katikati ya shughuli hizo tulimpelekea Komunyo mzee mmoja mgonjwa, katekista mstaafu. Alizaliwa Tarime, na alitumikia vigango vya pande zote mbili za Mto Mara. Baada ya sala alimwagiza mjukuu wake atoe kasha la mbao chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na daftari la wakatekumeni wake: jina, jina la baba, kijiji, ukoo, na msimamizi wa ubatizo. Kwenye baadhi ya majina aliongeza maneno machache. Huyu ni mke wa pili. Huyu aliacha mafundisho msimu wa tohara. Huyu ukoo wake una ugomvi na ukoo wa msimamizi wake.

Hilo la mwisho lilitushangaza. Wanaotoka Tarime wanajua uhasama wa koo ni nini: ng'ombe wameibwa, mpaka umegombewa, vijana wamekufa. Tukamuuliza, "Mwalimu, ilitokeaje mtu akasimamiwa na adui?"

Akacheka. "Haikutokea, mura. Nilipanga mwenyewe. Siku wakishika mishale, angalau wawili watakumbuka nani alimshikia mwenzake mshumaa."

Tulimwambia habari hiyo ni kubwa, na kwamba tutarudi tukishatuma maombi. Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa karibu. Alituangalia kidogo, akamwambia mjukuu alirudishe kasha chini ya kitanda.

Tulirudi baada ya majuma matano. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafu ya udongo, wakatoboa ubao wa kasha, wakala karibu nusu ya daftari. Kurasa za mwanzo zilikuwa udongo mtupu. Mzee alikuwa ameketi kitandani, amejifunika blanketi.

"Mlisema mnakwenda kuandika," alisema. "Mmeandika nini?"

Hatukuwa na jibu. Simu tatu zenye kamera zilikuwa mifukoni mwetu siku ile ya kwanza. Kazi iliyotaka nusu saa tuliiahirisha ili tusahihishe sentensi za kuwapendeza watu ambao hatujawahi kuwaona.

Mwezi uliofuata barua ya maktaba ilifika, ya adabu na fupi: tumekosa. Waliosoma andiko letu walisema swali letu ni pana mno, tena hatukuonyesha kwa nini jibu lake litafutwe kwenye makasha yao. Tuliumia, halafu tukakubali kwamba walisema kweli. Mtu anayeomba kuchunguza historia ya Ukristo mkoani Mara bado hajauliza swali.

Tukaanza upya nyumbani. Tulipiga picha kila ukurasa uliobaki. Alasiri nne tulikaa na mzee, naye akatutajia kwa kumbukumbu majina yaliyoliwa. Kwa ruhusa ya paroko tuliyalinganisha na vitabu vya ubatizo. Yaliyosomeka daftarini tuliyaandika kwa wino wa bluu, na ya kumbukumbu kwa wino mwekundu, ili atakayesoma baadaye asidanganyike. Maneno yanayogusa siri za nyumba za watu hatukuyaweka kwenye nakala za wote. Nakala moja iko parokiani, moja kwa familia, moja maktaba ya seminari. Daftari lenyewe ni la mzee, na sasa linakaa juu ya kabati, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko.

Mtakatifu Luka hakuwa mmoja wa Thenashara. Mwanzoni mwa Injili yake anaeleza kwamba habari zake zilitoka kwa walioshuhudia tangu mwanzo, na kwamba alizichunguza kwa bidii kabla ya kumwandikia Theofilo. Sisi tulianza kumwandikia Theofilo kabla ya kumsikiliza shahidi.

Hatusemi maktaba za mbali hazina kazi. Kumbukumbu za Mapadre Weupe ziko Roma, na za Wamaryknoll ziko Ossining, New York. Karatasi za Hans Cory, aliyeandika juu ya sheria na mila za Wakurya mwaka 1945, ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jan Bender Shetler, katika kitabu alichotoa mwaka 2003, alikusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wa kusini mwa Mara wenyewe. Na Butiama, ndani ya mkoa wetu, kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943. Barua ya padre inaweza kutueleza kwa nini katekista alihamishwa, au alilipwa nini. Daftari la mzee haliyasemi hayo. Lakini ni daftari lililotufundisha cha kuuliza.

Kwa hiyo tumeomba tena. Safari hii swali ni moja: makatekista wa pande mbili za Mto Mara walichaguaje wasimamizi wa ubatizo wakati koo zilipokuwa na ugomvi? Tumetaja makasha tunayotaka kuyafungua, na sababu ya kila kasha. Pale wanapouliza tutatoa nini na kwa ajili ya nani, tumejibu kwamba tutaleta nakala za barua hizo parokiani, tuzisome kwa Kiswahili mbele ya vigango vilivyotajwa ndani yake.

Majibu bado. Wakati tunasubiri, tunawaomba ninyi wasomaji jambo dogo. Kama nyumbani kwenu kuna daftari la babu, cheti cha zamani au picha ya kigango cha kwanza, kiinueni kutoka sakafuni leo, mkipige picha, mkaulize majina ya waliomo wakati bado yupo wa kuyataja.

Mzee wetu alipona akarudi kanisani. Kila Jumapili baada ya Misa anatusubiri mlangoni, ameegemea fimbo.

"Mura, wamejibu?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi njooni Jumanne. Nimekumbuka wengine wawili."