Sufuria la Mama Mkwe



Tangu turudi safari maswali ni yale yale. Nguo ilifika salama? Kuna baridi huko? Na kubwa kuliko yote, mlikuwa mkila nini kwa watu? Nguo ilifika salama, alhamdulillah, tuliibeba wenyewe mkononi mpaka ndani ya ndege. Baridi hatukuiona, Houston mwezi wa nne ni joto la jasho kama la kwetu. Chakula ndicho tunachotaka kukieleza leo, khasa chakula cha mchana mmoja, maana wengi wenu mnaolewa mbali siku hizi, na mambo haya somo hakufundishi.

Bibi harusi wetu ni mtoto wa Mjini, kaenda Houston kwa masomo akabakia kwa kazi. Bwana harusi ni Mmarekani mweusi aliyesilimu miaka kadhaa nyuma. Mama yake ni Mkristo, mtu wa kanisani khasa, mzaliwa wa New Orleans aliyehamia Houston mwaka 2005 baada ya kimbunga Katrina, kama walivyohamia maelfu ya wenzake. Siku nne kabla ya nikaha mama huyu akasema anataka kumlisha mkwewe chakula cha Louisiana, na akachagua mkahawa mmoja wa Kikejuni katikati ya mji, kibaoni umeandikwa Cajun. Bibi harusi akatuomba tufuatane naye. Nikaha ilikuwa bado, hakutaka kukaa na mchumba bila ya watu wake, na wazazi wake walikuwa hawajafika. Basi sisi mafundi cherehani tukageuka wazee.

Usiku wake hakulala vizuri. Tulikuwa tunamalizia pindo la gauni la nikaha, yeye kasimama juu ya stuli, akatuuliza: "Nikikikataa chakula chake mbele ya watu, atanionaje?" Hatukuwa na jibu la haraka. Kwetu mkwe akikupakulia hukatai. Unakula, ukishiba unakula tena. Na mama yule hakuwa anamjaribu. Alikuwa anampenda kwa njia anayoijua.

Mkahawa wenyewe si wa kujitia. Meza za mbao zimetandikwa karatasi, katikati limesimama roli zima la karatasi za kupangusia mikono, na chupa za pilipili kama tunavyoweka sisi mezani achari. Wafanyakazi wa maofisini wamejaa, vitambulisho bado vinaning'inia shingoni, tai wamezitupa nyuma ya bega zisiingie mchuzi. Upande mmoja kuna baa. Bwana harusi, Mungu amzidishie, alipiga simu mapema akaomba meza ya mbali nayo. Na mama yake, ambaye tuliambiwa hula chakula hiki kwa bia, siku hiyo kabla hajaulizwa aliagiza chai baridi yenye sukari. Hakusema kitu. Tuliona wenyewe.

Mama ndiye aliyetusomesha kuhusu Wakejuni. Asili yao ni Wafaransa waliokuwa wakiishi Acadia, upande wa Kanada ya leo. Kuanzia mwaka 1755 Waingereza wakawafukuza kwenye ardhi yao, familia zikatawanywa, na wengi wao mwishowe wakatua Louisiana kwenye mabwawa na mito. Jina lao la Acadien likafinywa midomoni mpaka likawa Cajun. Waliyoyakuta huko ndiyo waliyoyapika: mpunga, kambale, kaa, kamba. Walijifunza kwa wenyeji wa asili, Wachoctaw, kutia unga wa majani makavu ya sassafras ili mchuzi uwe mzito, na walijifunza kwa Waafrika waliokuwa watumwa kupika bamia. Mchuzi wao mkubwa unaitwa gumbo, na jina hilo limetoka kwenye lugha za Kibantu za upande wa Angola, kwa neno lao la bamia. Mbegu zilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa. Tulipolisikia hilo tukatazamana. Mtu wa Unguja habari za watu kuuzwa haziko mbali naye.

Mama yeye si Mkejuni, ni Mkrioli mweusi wa mjini, na alitaka tulijue hilo vizuri. Wakejuni wa mashamba hawatii tungule kwenye gumbo. Watu wa New Orleans wako wanaotia. Alilizungumza jambo hilo kwa ukali kama vile mtu wa Unguja anavyozungumza biriani la mtu wa Mombasa. Hapo tukampenda.

Msingi wa gumbo ni unga wa ngano unaokaangwa ndani ya mafuta, unakorogwa bila kuachwa mpaka unakuwa rangi ya chokoleti. Ukishika moto chini unamwaga, unaanza upya. Kisha kitunguu, pilipili boga na seleri, vitatu hivyo pamoja. Wao wanaviita Utatu Mtakatifu, nasi tuliinama tukacheka chini kwa chini, tukaviita vitunguu na wenzake. Mpaka hapo hakuna tatizo lolote. Tatizo linakuja baadaye.

Mabibi harusi, yashikeni majina haya kwa sababu kwenye orodha ya vyakula hayakwambii kitu. Andouille ni soseji ya nguruwe. Tasso ni nyama ya nguruwe iliyotiwa viungo ikafukizwa moshi. Boudin ni soseji ya wali na nguruwe, na huja pia imefinyangwa madonge ikakaangwa, ukiitizama utasema katlesi. Jambalaya ni wali unaofanana na pilau, lakini mara nyingi ndani mna andouille. Wali mchafu, ndivyo wanavyouita, una maini ya kuku na mara nyingi nguruwe wa kusaga. Na kuna mamba wa kukaangwa, mamba yule yule wa mtoni, ambaye kwa sisi Mashafii haliwi. Kuku na ng'ombe wa kule ni mazungumzo marefu ya masheikh, kila mtu amuulize wake. Sisi safari nzima tulijiwekea vya majini tu, tukapumzika roho.

Bibi harusi alidhani gumbo ya kamba na kaa itamtoa. Mhudumu alipofika, yeye mwenyewe akauliza, sauti ya chini lakini imenyooka: "Samahani, mimi ni Muislamu, sili nguruwe wala kitu kilichopikwa naye. Ndani ya gumbo hii mna nini?" Yule binti akasema ni vya baharini tupu. Bibi harusi akamuomba kwa upole aulize jikoni supu yake inachemshwa na nini. Akenda, akarudi: supu inaanza na mfupa wa nguruwe.

Mama mkwe akaiweka chini ile orodha. "Hata ya kamba?" akamuuliza mhudumu, kana kwamba yeye ndiye aliyedanganywa. Kisha akanyamaza. Sisi tukawa tunasoma karatasi ya mezani ambayo haikuandikwa kitu.

Tulichokiogopa ni bibi harusi kusema "basi si kitu, nitakula kidogo." Tumewaona wengi wakisema hivyo, wakila kwa aibu, kisha usiku wanalia. Hakusema. Alimshika mama mkono, akamwambia: "Mama, nimekuja kula na wewe. Nichagulie kingine."

Na mama akasimama! Kiti nyuma, mkoba begani, akenda mwenyewe mpaka kwenye dirisha la jikoni, mhudumu nyuma yake. Tulimsikia akihoji. Kambale anakaangwa kwenye mafuta yapi? Yale yale ya madonge ya boudin na ya mamba, huyo hapana. Samaki mwekundu wa kubabuliwa kwa viungo? Kwenye chuma cha moto kwa siagi. Kioshwe kwanza, na mwiko mpya. Wali mweupe? Mtupu, kwa maji na chumvi. Krofishi? Wanachemshwa peke yao, soseji ina sufuria lake na inatiwa kwa anayeitaka. Basi isiguse. Tulishangaa. Sisi na Kiingereza chetu cha skuli tusingeweza nusu yake, na bwana harusi alibaki amekaa, anatabasamu kama mtu aliyeiona sinema hii zamani.

Krofishi ni wadudu wa maji baridi, jamii ya kamba, wadogo kama kidole gumba kilichonona, wana magando. Msimu wao mkubwa ni machipuko, na wakulima wa Louisiana huwafuga kwenye mashamba yale yale ya mpunga. Bibi harusi alishamuuliza sheikh wake mapema, akaambiwa hana neno. Lakini mjue kuwa wenzetu Mahanafi katika vya majini hula samaki tu, kwa hiyo ukiwa mezani na wifi wa Kihindi au Kipakistani usimcheke akiwasukuma.

Waliletwa kwenye sinia, wekundu, wanatoa moshi, pamoja na mahindi na viazi mbatata. Mama akatufundisha: shika kichwa, shika mkia, zungusha, vuta, bana mkia nyama itoke. Kisha nyonya kichwa. Hapo pa kunyonya kichwa dada wa bwana harusi alitukodolea macho akisubiri tukatae. Akasahau kuwa ana watu wa kisiwani, waliolelewa kwa kaa na pweza. Tulibismillahi tukanyonya mpaka mama akapiga meza kwa furaha. Viungo vyake vinachoma midomo: pilipili, kitunguu thomu, ndimu. Ushauri mdogo wa kifundi, mikono mirefu ya abaya ikunjeni na kuibana kabla hamjaanza, maana mafuta yale mekundu hayatoki kwenye krepu. Na pete ya uchumba itieni mkobani.

Ile pilipili ya chupa, Tabasco, nayo ni ya huko huko Louisiana, inatengenezwa tangu mwaka 1868 pahala panapoitwa Avery Island. Kisiwa kwa jina, kimezungukwa na mabwawa badala ya bahari, lakini tulijisikia nyumbani kidogo.

Pudini ya mkate tuliiacha. Mchuzi wake una wiski.

Karibu na mwisho, vidole bado vyekundu, mama akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa linamkaa kooni tangu mwanzo. Nguruwe hajakosekana kwenye sufuria lake tangu azaliwe. Hata maharage mekundu ya kila Jumatatu, ambayo bibi yake aliyapika siku ya kufua nguo kwa sababu yanajipikia yenyewe, yana mfupa ndani. Tangu mwanawe asilimu anakuja kwake anakula matunda na mikate ya dukani, na yeye hakuwahi kuuliza kwa nini, aliogopa jibu. Alidhani ndiyo dini imemchukua mtoto asile kwake tena. Akamgeukia bibi harusi: "Nikiliosha sufuria langu vizuri sana, mtakula?"

Chuoni sote tumesomeshwa najisi ya nguruwe inavyooshwa, mara saba na moja kwa udongo. Tulimuona bibi harusi akilipima neno hilo mdomoni. Kumwambia mama wa watu sufuria la bibi yake lipakwe udongo! Bwana harusi ndiye aliyedakia: "Mama, hilo la bibi liache kama lilivyo. Nitakununulia jengine."

Tunajua wapo watakaosema mkwe asiye Muislamu jikoni kwake hapaendeki. Wazazi ni wazazi, na Sura ya Luqman mmeisoma. Kijana yule miaka yote alikuwa mwema kwa mama yake, lakini kwa kukwepa sahani zake, bila ya kumueleza. Bibi harusi aliuliza swali moja kwa mhudumu, na mama akajua kuwa kinachokataliwa ni mfupa, si yeye.

Siku mbili baadaye tuliitwa nyumbani kwake. Sufuria jipya lilikuwa jikoni, zito, la chuma, pamoja na mwiko wa mbao na ubao wa kukatia, vyote na bei zake bado zimebandikwa. Mama alikoroga unga wake karibu saa nzima, bila kukaa. Supu alichemsha kwa maganda ya kamba. Bibi harusi alikata bamia, akaambiwa anazikata kubwa mno. Hilo nalo ni la mama wakwe wa dunia nzima. Tungule alitia, na akatuapisha tusiwaambie Wakejuni.

Tukala, tukapakuliwa tena. Sisi tulimpima mama gauni la harusi palepale sebuleni, bega, kifua, urefu, akitaka zambarau na mikono mipana. Tulipoingia jikoni kuaga tulimkuta ameligeuza lile sufuria juu chini, anaandika kitako chake kwa kalamu ya wino mzito jina la mkwewe, apate kulitenga na mengine.