Mtoko bila nsumba ntale

London haina upungufu wa mahali pa kwenda. Makumbusho makubwa ya taifa hayatozi kiingilio tangu mwishoni mwa 2001. Mtoto wa chini ya miaka 11 halipi nauli ya basi, na kwenye treni za chini ya ardhi mtu mzima mmoja hupita na wanne wa umri huo bila kuwalipia. Ukitaka kutoka nje ya jiji, treni nyingi huwapunguzia theluthi ya nauli watu 3 hadi 9 wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano. Tangu Agosti 2016 baadhi ya njia za chini ya ardhi hukesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo hata kile kisingizio cha "nitarudije" kimepungua makali. Ila sisi Watanzania wa hapa tunaweza kumaliza kiangazi kizima hatujaonana, isipokuwa msibani.

Tunavyopanga ndivyo tunavyojiangusha. Mmoja anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani tutoke basi, tumekumbukana." Makofi yanamiminika. Wa pili anauliza lini. Wa tatu anafungua kura: Jumamosi hii, Jumapili ile, au mwezi ujao kabisa? Huyu ana shifti ya usiku hospitalini, yule mtoto wake ana mechi, mwingine anaandika "nitawajulisha" na hatusikii tena kutoka kwake. Kura zikihesabiwa, kila tarehe imepata watu wachache, na wa tarehe hii si wa tarehe ile. Kisha mtu anatuma taarifa ya mchango wa harusi Tabata, mazungumzo yanahamia huko, na mtoko unakufa bila tanzia.

Mwamanyili, nilikokulia, sikumbuki kuwahi kuulizwa kama nina nafasi.

Kwa wasiopajua, Mwamanyili ni kata ya Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Wakati nakua tulihesabiwa kuwa wa Magu, mkoa wa Mwanza. Simiyu ilizaliwa 2012. Ziwa Victoria liko jirani, barabara ya Mwanza kwenda Musoma inakatiza wilayani, na ukifika Lamadi unaweza kukunja kuelekea Bariadi, au ukasonga mbele kidogo ukakuta lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Mtu wa mjini hawezi kupaita pa starehe. Lakini starehe ilikuwepo, na ilikuwa na ratiba kuliko tunavyodhani tukisema watu wa kijijini hawana ratiba.

Chukua mnada. Siku yake haibadiliki, na hakuna anayekualika. Mwenye ng'ombe anakwenda kuuza, asiye na ng'ombe anakwenda kula nyama, kutazama viatu vya mtumba na kuonekana. Ukimtaka rafiki yako wa kijiji cha tatu, huna haja ya kumtafuta. Siku ya mnada atakuwa chini ya mti uleule anakotafuna nyama kila wiki. Kinachopangwa ni siku na mahali tu, na vilishapangwa zamani na watu wasiojua kama wewe utazaliwa.

Halafu kuna ngoma. Mavuno yakishaingia, pamba imeanza kupimwa na barabara zimekauka, kuanzia Juni hivi, Usukuma wote huanza kuchangamka. Wasukuma tumegawanyika pande mbili za ngoma, Wagika na Wagalu, mgawanyiko wa tangu karne ya 19 unaotajwa kuanza kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi. Pande hizo mpaka leo zinashindana kwa namna ambayo sijaiona kwingine: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji ndio alama. Manju upande huu akiimba wimbo wa kumkejeli mwenzake, umati unahama kumfuata. Upande wa pili wakitoa chatu kwenye gunia na kumvisha mchezaji shingoni, umati unarudi mbio. Wachezaji wa ngoma ya bugobogobo wanarusha majembe hewani na kuyadaka, vumbi linapanda, na wewe mtoto umeshikilia kanga ya shangazi yako usije ukapotea watu wakihama. Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada aliyaingiza mashindano hayo kwenye sherehe za kanisa, na sikukuu ya Bulabo huchezwa huko hadi sasa kila Juni.

Ninalolipenda katika mpangilio ule ni kwamba mtazamaji ana kazi. Ukihama, umepiga kura. Ukibaki, umepiga kura. Mtu hawezi kukaa pembeni na simu yake akangoja aburudishwe.

Na nyuma ya yote hayo kulikuwa na mtu. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyeitisha kundi kwenda kulima kwa mtu na kuhakikisha baada ya jembe kuna chakula na ngoma. Hakuwa mwenyekiti wa serikali wala mzee wa ukoo. Vijana walimkubali wenyewe, na wakishamkubali neno lake lilikuwa na faini. Usipotokea bila sababu, unalipa. Akisema tunakwenda kesho alfajiri, hakuna aliyejibu "nitawajulisha".

Sasa nikurudishe London, kwenye meza ya watu kumi. Mikahawa mingi hapa, mkizidi sita au wanane, hutaka amana ya kila kichwa, hutaka mchague chakula siku kadhaa kabla, na huwapa saa mbili tu za kukaa. Bili ikija imeshaongezwa asilimia 12.5 ya huduma. Hapo ndipo simu zinapotolewa. Mmoja amekunywa maji tu na hataki kugawana sawa kwa sawa. Mwingine aliagiza kamba na sasa anapendelea sana kugawana sawa kwa sawa. Mtu aliyetumia kadi yake kulipia wote atakuwa anadai paundi 14 mpaka Krismasi. Na kwa muda wote wa zile saa mbili kila mtu alizungumza na jirani wa kulia na wa kushoto, kwa sababu kiti ulichoangukia ndicho utakachokalia mpaka mwisho. Chakula kilikuwa kizuri, lakini siwezi kuuita ule mtoko wa pamoja.

Nikiishia hapa nitakuwa mnafiki, maana mtindo huu wa kila mtu kulipa chake nimeutamani kwa dhati nikiwa nyumbani.

Likizo moja nilitaka kuwapeleka ndugu Serengeti. Lango liko jirani, raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio cha shilingi ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni, na bado wengi wa ukoo wetu walikuwa hawajawahi kuingia. Nilidhani nitapanga mimi. Baba mdogo alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akapanga yeye. Coaster ikakodiwa kwa mtu anayemjua yeye. Viti vikagawiwa kwa watu ninaowajua na nisiowajua, akiwemo jirani mmoja ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba ana suti. Nilipouliza nani anachangia nini, baba mdogo alicheka kwa upole. "Mwanangu, si umetoka Ulaya?" Basi ikawa hivyo.

Shangazi, dada mkubwa wa baba mdogo, alikataa kupanda. "Nitoe hela nikamwone kiboko? Yule anayekula mpunga wangu usiku, bure?" Hakuwa anatania. Kwetu ukanda wa ziwa na pembezoni mwa hifadhi, viboko na tembo ni hasara ya msimu, na mtu aliyekesha akipiga debe shambani hawezi kushangilia mnyama kwa sababu tu safari hii amelipiwa kiingilio.

Lakini kilichonikaa rohoni ni kingine. Wanawake waliamka saa tisa usiku kupika: wali, kuku, sato wa kukaanga, michembe na karanga za kutafuna njiani. Kulipokucha, vyombo vikapakiwa, wenye viti wakakaa, na wawili kati ya wapishi wakakosa nafasi. Hakuna aliyeona ajabu. Jirani mwenye suti alikuwa dirishani. Nilisema, nikaambiwa nisiharibu safari, tutawaletea picha.

Kwa hiyo nikisikia wenzangu wa ughaibuni wakisema nyumbani tunajua kuishi kwa umoja, huwa nauliza umoja huo nani anaulipia na nani anaupikia. Wazungu na bili zao za kugawana mpaka senti wamelipatia jambo moja: aliyepo mezani yupo kwa haki yake mwenyewe. Dada anatoka na wenzake, analipa chake, anarudi na treni ya usiku, na hakuna baba mdogo wa kumgawia kiti. Hilo mimi silirudishi.

Kitu kilichonionyesha kwamba hata London mambo ya mnada yanawezekana ni parkrun. Ni mbio za kilomita 5 kila Jumamosi saa tatu asubuhi, bustani ileile, bila kiingilio. Zilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika Bustani ya Bushy, kusini-magharibi mwa jiji, wakimbiaji wakiwa 13, na tokeni walizopewa waliomaliza zilikuwa washa za chuma za kawaida. Leo zinakimbiwa katika nchi nyingi. Kinachonivutia si mbio. Mimi hutembea, na wanaotembea wanaruhusiwa. Hakuna anayekupigia simu kuuliza kama utakuja. Wapo wa kujitolea, na kila mmoja ana kazi inayojulikana: huyu saa, huyu tokeni, yule anatembea wa mwisho kabisa ili asiwepo mtu wa kuona aibu ya kuwa wa mwisho. Siku, mahali, kazi. Nilijihisi niko nyumbani, isipokuwa hakukuwa na nyama. Na nyama usijaribu: kuchoma nyama kumepigwa marufuku katika bustani zote za kifalme, na mlinzi wa bustani hatakusikiliza ukimweleza kwamba mbuzi ni utamaduni.

Tangu hapo kundi letu lina nsumba ntale. Ni nesi mmoja mzaliwa wa Maswa, mdogo kuliko wengi wetu, na tulimchagua kwa sababu ana sauti na hana aibu ya kudai pesa. Sheria zake ni chache. Haulizi lini, anatangaza. Nauli na chakula hulipwa kwake kabla, na asiyelipa hana nafasi, hata akiwa rafiki yake. Kila anayekuja ana kazi. Na tunagawanywa pande mbili tukiwa bado kituoni, kwa kuvuta vijiti, mume huku mke kule ikibidi. Majina ya pande hizo unayajua.

Tulipokwenda Southend kwa treni ya kutoka Fenchurch Street, Wagika walipewa kazi ya kulisha watu na Wagalu ya kuwaburudisha, halafu mchana wakabadilishana. Southend ina gati inayoingia baharini zaidi ya kilomita 2, na juu yake kunapita kitreni. Maji yakitoka, matope yanabaki mpaka mbali. Mzee mmoja wa Ukerewe alitazama akatikisa kichwa, akasema ziwa lake angalau huwa halimkimbii mgeni. Wagalu waliweka muziki, wakaanzisha kuvuta kamba, na Waingereza waliokuwa wanapita wakasimama, wengine wakaingia kwenye kamba. Nsumba ntale alikuwa na daftari, anahesabu nani amevuta watu wangapi. Wagika walikata rufaa kwamba mbwa hahesabiwi. Mpaka leo kesi hiyo haijaisha, na nadhani nusu ya watu wanaokuja safari inayofuata wanakuja kuimalizia.

Wapo waliojitoa. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba hakuhamia Ulaya ili apigwe faini na binti wa Maswa kwa kuchelewa treni. Namwelewa. Faini ni paundi 5, na inaingia kwenye mfuko wa nauli za watoto, lakini si kila mtu anataka mtoko wenye amri, na jiji hili lina nafasi ya kutosha kwa wanaopenda kunywa kahawa yao peke yao.

Nyumbani nako kuna jambo limeanza kuhama. Binamu yangu wa kike, mmoja wa wale wawili waliokosa viti, mwaka huu anapanga yeye safari ya Ndabaka. Michango inaingia kwa M-Pesa kwenye namba yake, majina yanabandikwa kwenye kundi la ukoo kadiri watu wanavyolipa, na ameandika kwa herufi kubwa kwamba wapishi wana viti kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba mdogo ameuliza mara mbili kama sheria hiyo inamhusu. Hajajibiwa, na hajalipa. Wa kwanza kulipa alikuwa shangazi. Anasema anakwenda kuhakikisha kama viboko wa serikali wamenenepa kuliko wa shambani kwake.