Maandishi Yasiyoonekana Katika Hati ya Mwalimu

Siku hizi andalio la somo, mtihani na ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi aghalabu huandikwa kwa kompyuta. Sisi tuliolelewa na chaki tumezoea kwamba kilichofutwa ubaoni hakisomeki tena. Kompyuta haifuati kanuni hiyo.

Tuchukue mfano wa zoezi la hesabu. Programu ya Microsoft Word humwezesha mwalimu kuandika maswali na majibu katika hati moja, kisha kuyaficha majibu. Akichapa karatasi za darasa, maswali hutoka peke yake. Akitaka nakala yake mwenyewe, huyafichua majibu. Njia hii twaipenda, maana hupunguza kazi ya kunakili. Lakini faili lenyewe likipelekwa kwa mwanafunzi, majibu husafiri nalo, na kubonyeza alama ya aya (¶) kwatosha kuyaonyesha.

Majibu yakivuja, twaweza kutunga zoezi jingine. Jambo zito zaidi ni maneno yahusuyo mtoto. Mwalimu aliyechoka huandika kwamba mtoto ni mvivu. Baadaye hutulia, akasahihisha kwamba mtoto anahitaji msaada wa kusoma. Ikiwa programu ilikuwa ikiweka kumbukumbu ya masahihisho, neno la kwanza lingali limo, hata kama halionekani kwenye kioo. Mzazi akilikuta, atasadiki lipi?

Jambo hili limewapata hata wakubwa. Mwezi Oktoba 2005 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Detlev Mehlis juu ya kuuawa kwa Rafik Hariri, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Lebanon. Katika nakala ya Word iliyowafikia waandishi wa habari, masahihisho yaliweza kusomwa, pamoja na majina ya watu yaliyokuwa yameondolewa.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu hati, sisi hufuata utaratibu huu. Kwanza, twahifadhi nakala ya pili, na ile ya asili hatuigusi. Pili, twabonyeza alama ya aya na kuisoma nakala yote. Tatu, twakubali au kukataa kila sahihisho, na kufuta maoni ya pembeni. Nne, twatumia amri ya kukagua hati, iliyomo katika menyu ya Faili, ambayo hutafuta maandishi yaliyofichwa, masahihisho na jina la mwandishi. Amri hiyo haitambui maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe; hivyo twateua maandishi yote na kuyapa rangi nyeusi.

Ndugu wanachuo, yafaa mjizoeze wawili wawili: mmoja afiche sentensi tatu katika hati, mwenzake azitafute. Hata hivyo, kinga iliyo bora ni kutoandika juu ya mtoto neno ambalo hatungethubutu kulisoma mbele ya mzazi wake.