Mashine ya Kukumbuka ya Baba Mkwe

Wewe na mwenzio mnaweka wapi mambo yenu? Madeni, tarehe, namba za watu, nani kakopeshwa nini? Siku hizi utasema kwenye simu. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliweka kwenye Lotus Organizer.

Najua wengi hamuijui. Ni programu ya kompyuta ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwenye kioo ilionekana kama shajara kabisa, ina kava, kurasa na vichupo vya rangi pembeni. Kalenda, mambo ya kufanya, anwani, daftari, mpaka ukurasa wa kumbukumbu za kila mwaka. Ukitupa kitu kwenye pipa la taka, kinawaka moto! IBM iliinunua kampuni ya Lotus mwaka 1995, watu wakahamia Outlook, na mwaka 2013 IBM ikatangaza kuacha kuiuza.

Mzee aliijulia kazini Dar es Salaam. Alipostaafu alirudi kwao Issuna, barabara ya Manyoni kwenda Singida, na kompyuta yake kaifunga kwenye blanketi. Majirani wakaiita mashine ya kukumbuka.

Basi bwana, alipofariki, kijana wa jirani akaja na madai. Ekari tatu za mwisho, zile za alizeti, baba yake aliuziwa. Mama mkwe akasema hapana, aliazimwa tu alime. Karatasi hakuna, mashahidi wote wameshazikwa. Mume wangu akawaka. Yeye na huyo kijana wamechunga mbuzi pamoja, leo wakikutana msibani hawasalimiani. Hata kwetu Dodoma amani ikapungua, maana kila jioni mazungumzo ni shamba.

Mimi ndiye niliyesema tuifungue mashine. Yenyewe haikuwaka. Fundi mmoja Singida mjini akachomoa diski, akaiunganisha na laptop yangu kwa adapta, na faili likaonekana, jina linaishia na OR5. Nikalifungua kwa nguvu kwenye Notepad. Jamani, herufi za kichawi!

Hapo ndipo msako ulipoanza. Maduka ya kompyuta yote wananishangaa. Kijana mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Dada, unatafuta organizer wa harusi?" Miezi miwili hivyo. Mwishowe mzee mmoja wa Tabata, aliyefanya kazi na baba mkwe, akatoa sidii kutoka kwenye boksi chini ya kitanda. Ilikuwa toleo la 6, ambalo linafungua faili za toleo la 5. Laptop ikaikataa, fundi akatengeneza Windows XP ya kuigiza ndani ya Windows yangu, na shajara ikafunguka.

Tuliisomea mezani kwa mama. Machi 2004: Mzee kachukua shilingi laki tatu kwa jirani, ekari tatu ziwe rehani mpaka deni liishe. Chini yake: kalipa laki moja na nusu. Baada ya hapo kimya. Kwa hiyo hakuuza, lakini hakuazima pia.

Mume wangu alikaa muda mrefu. Halafu akasema, "Hii hajaiona mtu wa nje."

Nilimwelewa. Nikamwambia mimi nimeiona, na sitakaa barazani nikasema sijaiona. Tulibishana mpaka saa sita usiku, kwa kunong'ona, kwa sababu mama yupo chumba cha pili. Siyo siri, ule ndio ugomvi mzito kuliko yote tangu tuoane.

Kumbe mama alisikia kila neno. Asubuhi akasema, "Mwiteni huyo mtoto. Deni la marehemu linalipwa."

Yule kijana akaja, akasoma mwenyewe. Laki na nusu ya 2004 si ya leo, hilo wote walilijua, wakabargain mpaka wakafikia magunia kumi ya alizeti kwa misimu miwili, na shamba linarudi. Akaomba nimprintie ule ukurasa. Nikamprintia. Kwa mume wangu aliaga kwa mkono, hajazoea bado.

Walipotoka, mama akaniambia, "Mwanangu, hebu angalia kama mimi nimo." Nikafungua ukurasa wa kumbukumbu za mwaka. Tarehe yao ya ndoa ipo, na mbele yake neno moja: kitenge.

Mama akaisoma mara mbili. "Kwa hiyo mashine ilikuwa inamkumbusha kila mwaka," akasema, "na kitenge chenyewe sijawahi kukiona."