Kutoka 175 hadi 225

Tulipokuwa wadogo Kisanga, ubora wa tairi ulijulikana likishakufa. La nyuzi tupu lilikuwa mali: lilipochakaa barabarani, fundi wa makatambuga alilinunua, akalichanachana kwa kisu alichokuwa akikilowesha maji kila baada ya mkato, na watu wakapata viatu vya kuvalia misimu kadhaa ya kilimo. La waya hakuna aliyelitaka. Waya zake zilikula kisu, na kiatu kikianza kuisha zilichungulia na kuchoma unyayo. Wazee waliona matairi ya waya yanavyozidi kuja, wakasema makatambuga ya kweli yanakwisha. Walikuwa sahihi, ila hawakujua kwamba kilichokuwa kinabadilika ni gari zima.

Baba yangu mdogo aliendesha Peugeot 504 ya tajiri mmoja wa Mikumi. Kwetu ndilo lilikuwa gari la mbio, na hatukuwa tunajidanganya. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden, na mwaka 1978 ile ya milango miwili yenye injini ya silinda sita ikashinda tena mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia zake zilipita Kenya, Uganda na kwetu Tanzania, kwa hiyo hata mtoto wa kijijini asiyekuwa na redio kwao alijua majina ya madereva.

Matairi ya 504 ile yalikuwa 175 ya rimu 14. Milimita 175, basi. Leo kijana akiona gari la kifahari lina matairi membamba namna hiyo atamhurumia mwenyewe. Lakini masika, njia yetu ikishageuka uji, baba mdogo alipita palipokwamisha malori. Tairi jembamba lilizama kwenye tope mpaka likakuta udongo mgumu wa chini, likaushika, likaondoka. Tairi pana huelea juu ya tope, na likishaelea halina tena habari na usukani. Hakuna aliyetufundisha hilo darasani. Tulilijua kwa kusukuma.

Mengi ya matairi yaliyofika kwetu wakati ule yalikuwa ya General Tyre, kiwanda cha Arusha kilichoanza uzalishaji mwaka 1971. Ulichagua lililokuwepo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, hata hilo lililokuwepo halikuwepo: tairi lilipatikana kwa kibali, na mwaka 1983, ulipopita msako wa wahujumu uchumi, mtu mwenye matairi mawili mapya chini ya kitanda alikuwa na maelezo ya kutoa. Katika hali hiyo nani angeuliza kama tairi linaenea rimu? Liliulizwa swali moja tu: linaingia? Likiingia, safari. Niliona Land Rover yenye matairi ya vipimo viwili tofauti, la kushoto limepita la kulia kimo, ikitembea imeinama kidogo kuanzia Kilosa mpaka Mikumi, na abiria wote wakiona ni sawa.

Swali hilo la "linaingia?" lilidumu kuliko dhiki iliyolizaa. Ndilo ninalolikumbuka zaidi.

Maana biashara ilipofunguliwa na magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kushuka bandarini Dar es Salaam, tuliletewa magari yaliyotengenezwa kwa hesabu kali, tukayavisha matairi kwa desturi ya enzi za kibali. Kwanza zilikuja Corolla, kisha Mark II, kisha Subaru Impreza, kisha Altezza. Hii ya mwisho iliwashika vijana kweli. Toyota waliitengeneza kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Ile ya RS200 yenye gia sita za mkono ina injini ya lita mbili inayotoa nguvu za farasi 210, na nguvu zote zinakwenda matairi ya nyuma. Kwa gari dogo, hizo si nguvu za mchezo.

Nayo ikakuta lami. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imewekwa lami tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikikatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kisha ikajipinda milimani Iyovi kabla ya kushuka Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu na vitunguu. Ukitoka Morogoro na gari lenye nguvu, hifadhini unajizuia kwa sababu ya wanyama, matuta na lile bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa; Iyovi ndiko unapojua kama gari lako limetulia au linasingizia. Kwa hiyo hamu ya tairi pana haikuwa upuuzi mtupu. Kwenye lami kavu na kona, upana unasaidia.

Unasaidiaje? Hapa watu wengi hukosea. Upana hauongezi sana eneo la tairi linaloshika lami. Hilo huamuliwa zaidi na uzito wa gari na upepo uliojazwa. Kinachobadilika ni umbo la eneo lile. Unyayo mrefu mwembamba unakuwa mfupi na mpana, na kwenye kona huo mfupi mpana unashika vizuri zaidi. Ukinyesha mvua, gharama inakuja: tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma mbele yake, na kama kashata zimeisha linapanda juu ya maji mapema.

Miaka ile hakuna aliyejali kona wala mvua. Walijali gari likiwa limeegeshwa. Kijana alinunua tairi pana la mtumba, akalilazimisha kwenye rimu ya kiwandani, ubavu ukavimba nje ya ukingo wa rimu, na yeye akarudi nyuma hatua kadhaa kulitazama gari lake huku amefurahi. Likikwaruza ndani, madigadi yalikunjwa kwa nyundo. Likigusa shokapu, ziliwekwa spesa za kulisogeza nje, na boliti zilizokuwa zimepimwa kwa rimu peke yake zikabaki na nyuzi chache tu za kushika nati. Nilipanda gari moja la namna hiyo kwenda Iringa. Kwenye kila kona bodi ilikwenda kwanza, matairi yakafuata baadaye, kwa sababu ubavu uliobanwa na rimu nyembamba hauwi na msimamo. Dereva aliniambia gari limetulia sana. Sikubishana naye, tulikuwa tunapanda Kitonga.

Mageuzi hayakuletwa na serikali wala kiwanda. General Tyre yenyewe ilikuwa imesimamisha uzalishaji mwaka 2007, na kule Nairobi kiwanda kilichotengeneza matairi ya Yana kikafungwa mwaka 2016. Tairi likawa kitu cha kuagizwa kutoka nje, lenye vipimo vya kila aina, na uchaguzi ukawa mkubwa kuliko ujuzi. Kwetu ujuzi uliletwa na mafundi wachache wa kando ya barabara ambao walichoka kurudishiwa kazi. Mmoja wao yupo Mikumi mpaka leo, na kwake ndiko nilikompeleka mpwa wangu alipopata Altezza.

Dogo alifika na yake kichwani. Alishayaona matairi ya mtumba yametundikwa pale nje, 235/45 ya rimu 17, kashata nzima, na alitaka hayo.

"Shikamoo fundi. Naomba uniwekee yale."

"Marahaba. Rimu zako ngapi?"

"Kumi na saba."

"Hicho ni kimo. Nakuuliza upana."

Mpwa wangu akanitazama mimi. Mimi nikayatazama malori.

Fundi hakumcheka. Alipiga jeki, akafungua gurudumu moja la mbele, akalilaza kifudifudi na kufuta tope mgongoni kwa tambara mpaka maandishi yakaonekana kwenye chuma: 17 x 7JJ. Kiwandani gari hilo lilivalishwa 215/45 ya rimu 17. Fundi akamwambia kwa lugha rahisi: inchi saba ni milimita 178, hapo ndipo midomo miwili ya tairi inapokaa. 215 inakaa vizuri. 225 ya kimo hicho bado imo ndani ya kiasi kinachokubaliwa na watengenezaji, kuanzia inchi 7 hadi 8 na nusu. 235 inaanzia 7 na nusu. "Itaingia," alisema, "lakini haitakaa."

Nilifurahi kuisikia sentensi hiyo. Ilikuwa imechukua zaidi ya miaka thelathini kufika kwetu.

Dogo hakukata tamaa. Akasema rafiki yake wa Dar amefunga 235. Fundi akachukua chaki na kuandika hesabu kwenye ubavu wa tairi la lori lililokuwa limesimama hapo. Tairi la kiwandani lina kimo cha milimita 625 kutoka chini hadi juu. 225/45 linafika 634, tofauti ya asilimia moja na nusu hivi. 235/45 linafika 643, karibu asilimia tatu. Maana yake kwa 235, sindano ikisoma 50 gari linakwenda zaidi ya 51, na ukipigwa tochi pale kijijini trafiki hapokei hesabu za chaki. Halafu akamwonyesha jambo jingine, dogo akalisikiliza kuliko yote: zile tarakimu ndogo zinazofuata kipimo. Tairi la 215 alilotoka nalo liliandikwa 87, yaani kilo 545 kwa kila tairi. 225 alizokuwa nazo fundi dukani ziliandikwa 91, kilo 615. Mpwa wangu husomba mpunga wa mama yake kwenye buti la Altezza. Nadhani ndipo alipokubali, ingawa yeye husema alishakubali kabla.

Kufunga kwenyewe ni dakika chache, lakini mimi hupenda kuangalia. Midomo ya tairi jipya ilipakwa maji ya sabuni ili isichanike. Mashine ikauzungusha mdomo wa chini, kisha wa juu. Akajaza upepo akiwa amesimama kando, si juu yake, mpaka ikasikika pa! na baada ya kidogo pa! ya pili, midomo yote imekaa. Akaishusha presha mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, wala si ile "35 kote" ya mafundi wa haraka. Gurudumu liliporudi kwenye gari akauzungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, akapitisha kidole cha shahada kati ya tairi na shokapu. Kilipita. Milimita 10 za upana zimegawanyika, tano ndani, tano nje, na ubavu ukasimama karibu wima juu ya ukingo wa rimu. Nyuma ya gari, tofauti ilionekana kwa anayejua tu.

Hilo lilimuuma dogo kidogo. Nikamwambia habari ya Subaru ya Colin McRae iliyoshinda Safari mwaka 1997, ambayo picha yake vijana wengi wa Mikumi wamebandika kwenye vibanda vya bodaboda. Magari ya mbio za dunia, hata haya ya sasa yanayokwenda Naivasha tangu Safari irudi kwenye ratiba hiyo mwaka 2021, kwenye changarawe huvaa tairi la 205 la rimu 15, lenye ubavu mrefu. Upana wa 235 wanauweka kwenye lami, na rimu wanabadilisha pia, zinakuwa 18. Akanijibu kwamba McRae hakuwa na mama wa kumsombea mpunga. Kweli.

Njia ya kwenda Kisanga bado ina mashimo, na ubavu wa 45 ni kama milimita 100 tu za mpira kati ya rimu na jiwe. Hapo 225 haikumsaidia wala kumdhuru sana. Anaendesha polepole, na rimu zake za kiwandani ziko salama. Niliwahi kuona rimu za kuiga zikipasuka kwenye shimo moja, ndiyo maana nilimsihi asiziuze zake. Kwenye lami ya Iyovi anasema gari linaingia kona kwa utii zaidi na usukani umekuwa mzito kidogo wakati wa kuegesha. Mafuta anasema hajaona tofauti. Sijamwamini, kwa sababu mafuta huwa anachangiwa na mimi.

Zile 235 hazikulala dukani. Jioni ileile alipita dereva wa Mark II iliyofungwa rimu za spoti za inchi nane. Fundi akamwomba kwanza ashuke, akalala chini na tochi ya simu kusoma mgongo wa rimu, ndipo akataja bei.