Kisigino, Baba na hatua 10,000

Kwa wale walioniuliza mbona kimya, jibu ni kisigino. Si kazi wala safari. Ni kisigino cha mguu wa kulia, kwa chini upande wa ndani, mahali padogo kama sarafu ya shilingi moja. Leo sitaandika habari za programu, ingawa mtaona sikwenda mbali nazo sana.

Mwaka jana Baba aliambiwa ana ugonjwa wa sukari. Baba ni mwalimu mstaafu, mtu wa kiti, gazeti, chai ya maziwa na mahamri. Daktari alimpa dawa, akampunguzia mahamri, kisha akamwambia atembee kila siku, kwa sababu misuli ikifanya kazi huitumia sukari iliyomo kwenye damu. Baba alikubali yote isipokuwa kutembea. "Nitembee niende wapi?" Kwake yeye mtu hutembea akiwa na pahali pa kwenda. Basi nikamwambia tutakwenda sote wawili. Mimi nami kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta mchana kutwa, na kitambi kilikuwa kishaanza kuchungulia.

Tukaanza. Kila jioni saa kumi na moja tunatoka nyumbani Kibokoni, tunapita Ngome ya Yesu, tunashika barabara ya Mama Ngina chini ya mibuyu, upepo wa bahari unatupiga usoni, halafu tunarudi. Kwa mwendo wa Baba ni dakika 40 hivi. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu anainunua kwa macho tu. Akipatana na mwanafunzi wake wa zamani, na Mombasa nzima ni wanafunzi wake wa zamani, dakika 40 zinakuwa saa nzima.

Tatizo lilikuwa simu yangu. Niliweka programu ya kuhesabu hatua, na lengo lake lilikuwa 10,000 kwa siku. Njia ya Baba ilinipa kama 4,500. Kwa hivyo nikishamfikisha mlangoni, nageuka na kuzunguka tena peke yangu mpaka simu itetemeke na kunipongeza. Siku 30 mfululizo. Siku 60. Siku 83. Nilikuwa sikubali mfululizo ule ukatike hata kwa mvua.

Karibu na siku ya 50 ndipo kisigino kilipoanza. Wanaokijua watanielewa. Unashuka kitandani asubuhi, unakanyaga chini, na hatua ya kwanza ni kama umekanyaga msumari. Unakwenda bafuni ukishika ukuta. Ukirudi, maumivu yamepungua, nawe unajiambia kumbe si kitu. Hiyo ndiyo hila yake. Mchana unasahau, jioni unatembea, na asubuhi msumari uko pale pale.

Nilianza kumeza vidonge vya maumivu kabla ya kutoka jioni. Wenzangu wa kazi hii mnalijua kosa hili. Programu inatoa ujumbe wa hitilafu, na badala ya kuusoma, unaandika mistari miwili ya kuumeza ujumbe ule ili skrini iwe safi. Mteja anafurahi na wewe unalala. Hitilafu inaendelea kula data chini kwa chini. Nimewahi kumgombeza kijana kazini kwa jambo hilo hilo, na jioni ile ile nikaenda kumeza kidonge changu.

Aliyenikamata ni Baba. Kliniki ilikuwa imemfundisha kukagua miguu yake kila usiku. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na miguu ikafa ganzi. Mtu anaweza kukanyaga kigae cha chupa asijue, na kidonda kikaharibika kabla hajakiona. Kwa hivyo kila baada ya isha Baba huketi chini ya taa, akaweka kioo cha Mama sakafuni, akaangalia nyayo zake na katikati ya kila kidole. Usiku mmoja aliniona nikichechemea kwenda kuchukua maji.

"Wameza nini?"

"Dawa ya mguu, Baba."

Alinyamaza kidogo, kioo bado kiko mkononi. Kisha akasema, "Mimi natafuta kwa kioo habari za miguu yangu. Wewe wako unakuletea habari mwenyewe, bila kuulizwa, nawe wauziba mdomo?" Halafu, kwa sauti ya chini, "Ukilala wewe, mimi nitatoka na nani?"

Hilo la pili ndilo lililonipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akanikunja kidole gumba kwenda juu, akabonyeza kisigino, nikaruka. Alilitaja jina refu la kidaktari, plantafashaitisi, kisha akanieleza kwa lugha ya kawaida. Chini ya unyayo kuna ukano mpana na mnene unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi chini ya vidole, nao hushikilia upinde wa mguu. Ukiuongezea mzigo haraka kuliko unavyoweza kuzoea, mahali unaposhikana na kisigino huanza kuuma. Asubuhi huuma zaidi kwa sababu usiku kucha mguu umelegea, na hatua ya kwanza inauvuta kwa ghafla.

Nilitaka picha ya eksirei nione kama kuna mfupa uliochomoza. Akaniambia si lazima, kwani mifupa hiyo huonekana hata kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote. Akasema pia kwamba wengi hupona bila upasuaji, lakini huhesabu kwa miezi, na wengine huchukua mwaka. Nilipomuuliza kama niache kutembea, alinijibu kwa swali: "Hizo hatua zote ni za nini?"

Nilirudi nyumbani nikatafuta namba ile ilitoka wapi. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kifaa cha kiunoni cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua 10,000. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia kifaa. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na tofauti hiyo iliendelea kukua hadi kwenye hatua kama 7,500 kisha ikatulia. Mimi si bibi wa miaka 72, na utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba hatua zenyewe ndizo zilizowaokoa. Lakini ulinitosha kuona kwamba nusu ya mwendo wangu ulikuwa wa Baba, na nusu ya pili ulikuwa wa simu. Nikaifuta programu siku ya 84.

Haya ndiyo niliyoyafanya baada ya hapo:

1. Mwendo wa Baba niliuacha kama ulivyo. Ule wa pili niliukata wote.

2. Raba zangu zilizokwisha soli nilizitupa, nikanunua nyingine zenye kisigino kinene kidogo na zisizokunjika katikati.

3. Kabla ya kushuka kitandani navuta vidole vya mguu kuelekea kwangu mara kumi, taratibu. Mchana nanyoosha shavu la mguu kwa kusukuma ukuta.

4. Siku moja ndiyo, moja siyo, nasimama kwenye ngazi, vidole vikiwa juu ya taulo iliyokunjwa, nainua kisigino kwa sekunde 3, nasimama sekunde 2, nashusha kwa sekunde 3. Zoezi hili lilijaribiwa Denmark na Michael Rathleff na wenzake kwa watu 48, wakachapisha mwaka 2014. Baada ya miezi 3 waliolifanya walikuwa na nafuu kuliko walionyoosha tu. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Kwa hivyo si muujiza, ni njia ya mkato kidogo.

5. Kila asubuhi naandika namba moja, 0 hadi 10, ya maumivu ya hatua ya kwanza, na kando yake nilichofanya jana.

La tano ndilo lililonisaidia kuliko nilivyotarajia. Baada ya wiki sita nilizipanga namba zile kwenye jedwali, nikidhani asubuhi mbaya zitafuata siku za mwendo mrefu. Wapi! Asubuhi mbaya zilifuata siku nilizofanyia kazi nyumbani, nikizunguka bila viatu kwenye sakafu ya vigae tangu asubuhi hadi jioni, au na ndara zangu nyembamba kama chapati. Nilikuwa namlaumu mwenye kesi siye. Nikanunua kandambili nene za ndani. Mama alicheka, lakini wiki mbili baadaye namba ilishuka kutoka 5 hadi 3.

Sasa ni mwezi wa sita. Asubuhi nyingi ni 1, nyingine 0, na ikipanda hadi 3 najua jana nilifanya nini. Baba naye kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu kimeshuka mara mbili mfululizo, na huo ndio mfululizo ninaoufuatilia siku hizi.

Neno moja la tahadhari kabla sijafunga. Haya ni ya mguu wangu. Ukiwa na sukari, au mguu umekufa ganzi, umevimba, una kidonda, au umeumia ghafla hata huwezi kuukanyagia, usianze na taulo langu. Nenda kwa daktari.

Saa kumi na moja imefika. Baba amesimama mlangoni, raba amefunga mwenyewe, anauliza kama leo tunakwenda au tunaandika. Tunakwenda. Kwaherini kwa sasa.