Boyi wa Nvuandu

Filamu ya La Vie est belle (Maisha ni mazuri) nilikuwa siipendi, na hapa Kisangani sababu za kutoipenda tulikuwa nazo tele. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya mji wetu, mamia ya raia wakauawa. Mtu aliyelala chini ya kitanda mabomu yakimpita juu ya paa hana hamu ya kuambiwa na sinema kwamba maisha ni mazuri.

Wahakiki nao walinipa maneno ya kusemea. Filamu hiyo ya mwaka 1987 iliongozwa na Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Waliozoea filamu za Sembène Ousmane, aliyemshitaki mkubwa mchana kweupe, waliiona nyepesi mno: Kinshasa ya Mobutu, lakini siasa haimo. Kourou, anayeigizwa na mwanamuziki Papa Wemba, anatoka kijijini kutafuta muziki wa gitaa za umeme. Anakuwa boyi, yaani mtumishi wa nyumbani, kwa Nvuandu, tajiri mwenye klabu ya usiku, anampenda Kabibi, na mwishoni anapanda jukwaani. Watu wanacheza, basi.

Tarehe 24 Aprili 2016 Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan akafa. Siku zile za msiba kila baa ilipiga nyimbo zake, na moja ya hapa mjini, mtaa wa Mangobo, ikatoa televisheni nje na kuweka filamu hii. Nilikaa karibu na kijana wa mtaani kwetu, mwimbaji wa orkesta ndogo. Umati ulicheka. Yeye alikuwa ametulia tu, halafu akanigeukia: “Papa, huyu boyi ni mimi.”

Nilijua anaimba. Maisha yake ya mazoezi sikuyajua. Gitaa, maikrofoni, spika, hata jenereta, vyote ni vya patroni, yaani tajiri mwenye orkesta, na mazoezi yanafanyika uani kwake. Anayetaka kuimba Jumamosi hufika mapema, achote maji, afagie, apange viti, apeleke watoto wa patroni shule. Ukinuna, kuna mwingine mlangoni mwenye sauti kama yako. Fedha ya kiingilio huwa haimfikii.

Kuanzia hapo niliitazama filamu kwa jicho la yule kijana. Ngangura amemweka mtumishi na mwimbaji katika mwili mmoja, wala hakubuni kitu. Bendi ya OK Jazz, iliyoundwa mwaka 1956, ilibeba herufi za baa ya Oscar Kashama ilikozaliwa. Leo jina la tajiri limehamia ndani ya wimbo wenyewe: mwanamuziki anatupa mabanga, anamtaja mkubwa huyu na mke wake na gari lake, kwa sababu ndiye aliyelipa studio. Na huyo Nvuandu, bwana wa jukwaa, ana aibu yake: nguvu za kiume zimemwisha, na mganga anamshauri aoe msichana bikira asimguse kwa siku thelathini. Mwenye kumiliki vyombo vyote vya muziki hana mamlaka juu ya mwili wake. Nilikuwa nikiuita huo utani wa baa. Sasa naona kwamba katika nchi ya chama kimoja, kumchekesha mtazamaji juu ya bwana mkubwa wa namna hiyo kulikuwa ujasiri wa kutosha. Ngangura mwenyewe aliandika baadaye makala akiuliza kama sinema ya Afrika iwe ya mapambano au ya burudani, na akatetea haki ya mtazamaji wetu kuburudika.

Siisamehe kila kitu. Mwisho ni mwepesi mno, na Kabibi anapangiwa zaidi ya anavyoulizwa. Maisha yalikuja kuandika mwisho mchungu zaidi: mwaka 2003 Papa Wemba huyohuyo alikamatwa Ufaransa kwa kesi ya kuingiza watu Ulaya kwa jina la wanamuziki wa kundi lake, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani. Vijana waliokuwa tayari kulipa ili waitwe wanamuziki tu, hata bila kujua kushika gitaa! Kourou wa pili huyo, filamu haikumfikia.

Ombi langu ni kwa wanaoonyesha filamu mjini kwetu. Iwekeni jioni moja na En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, ya mwaka 2020, ambamo majeruhi wa ile vita ya siku sita wanateremka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Safari zote mbili zinaishia mlangoni kwa wakubwa. Waiteni waimbaji wa Mangobo na Kabondo wakae mbele, na filamu ya Papa Wemba ikiisha, waulizeni vyombo wanavyopigia ni vya nani.